Kisanduku Chenye Kufuli

Mpanda Mjini,
12 Oktoba 1996

Dada yangu Theopista,

Shikamoo. Nakusalimu wewe na shemeji Selestine, pamoja na Queen, ambaye nasikia sasa amekupita kimo. Mgongo unaendeleaje tangu tuliporudi kutoka msibani Sibwesa? Na mvua za kwanza zimefika huko Litapunga, au mawingu yanapita tu kama wagombea wakati wa kampeni? Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasoma hapa chini, nami nakuomba uyasome mpaka mwisho kabla hujamwita mtu.

Nakuandikia kuhusu ule ujumbe wa baba. Aliutuma kwa redio ya upepo kutoka Sibwesa, akikuita uje umuuguze, nao ukakaa siku kumi na moja hapa kwenye kituo cha redio ninakofanya kazi mpaka akafa bila kukuona. Kamati ya kituo imemfukuza kazi Libérate, yule mama anayepokea redio, kwa kosa hilo. Wewe ulimnyima kiti msibani, ukamwambia arudi kwao Burundi akachelewesheane na ndugu zake. Jumamosi ijayo ukoo unakutana kumaliza matanga, na nimeambiwa umeapa kulitaja jina lake mbele ya watu wote. Kabla hujalitaja, nisikilize.

Unakumbuka kituo kilivyokuwa nilipoanza kazi, baada ya kuondolewa ualimu kwa sababu ya mdomo wangu. Ujumbe wote ulitundikwa kwenye ubao mmoja nje ya mlango, misumari kumi na miwili, msiba juu ya mbegu, talaka juu ya ng'ombe aliyepotea. Aliyekuja kuuliza bei ya mpunga aliondoka amesoma ndoa za wenzake. Minza wa Majimoto alimpelekea mama yake mdogo habari kwamba amekwenda kutibiwa kwa kukosa mtoto. Kabla jua halijazama wanawake walikuwa wanamtungia wimbo kwenye pampu ya maji. Nilikasirika, na wewe unajua nikikasirika naandika. Niliipelekea kamati kurasa saba. Niliwaambia kwamba mtu asiye na simu nyumbani hajapoteza haki ya kuwa na siri. Mwenyekiti akasema maskini hana siri, ana shida tu. Nikamjibu kwamba yeye anazo zote mbili, na zote tunazijua. Watu walicheka mpaka kikao kikavunjika, nami nikapewa kazi ya kupanga upya.

Nikamwita fundi seremala, akanitengenezea visanduku vinne. Cha kwanza Msiba, unaopelekwa siku ileile kwa baiskeli ya kituo. Cha pili Ugonjwa, ambao hupewa mtu yeyote anayeelekea huko, na Jumapili husomwa baada ya misa. Cha tatu Biashara na Mifugo, hicho husubiri wenyewe wapite. Cha nne Siri, chenye kufuli, na ufunguo ninao mimi. Cha Siri hutolewa mkononi mwa mwenyewe tu, hata mume hapewi cha mkewe. Jina peke yake ndilo linalobandikwa mlangoni ili ajue ameitwa. Hata wale wanaokuja kuongea wenyewe hewani niliwagawa: wakiongea ya biashara foleni inabaki ndani, wakiongea ya nyumbani foleni inatoka nje, hata kama jua linachoma. Watu walinung'unika wiki moja, kisha wakazoea. Majimoto wakaiga. Sikuwa mnyenyekevu, dada. Nilitembea mjini kama mtu aliyevumbua moto.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne asubuhi, redio inakwaruza, na Libérate anaandika kwenye daftari kila neno kama ilivyo kawaida yake. Alipomaliza hakunipa karatasi mara moja. Alinitazama kwanza, akaisukuma taratibu juu ya meza. Baba alikuwa amesema hivi: Theopista wa Litapunga aje haraka, nimelala siamki. Rafaeli asiambiwe. Atakuja na hoja, na mimi nataka mtu wa kunipa uji.

Libérate akasema iende kwenye Ugonjwa, kwani wauza karanga wa Litapunga walikuwa bado wapo sokoni na wangeondoka saa sita. Nikamwambia hapana. Aliyetuma amemficha mwanawe, yaani mimi, kwa hiyo ni Siri kwa mujibu wa kanuni. Akaniambia kwa upole, kwa kile Kiswahili chake chenye Kirundi ndani, kwamba mwalimu, mgonjwa hafichi uji. Nikamuuliza kama kanuni ameziandika yeye au mimi. Akarudi kwenye redio yake. Nikaifunga karatasi ndani ya kisanduku cha nne na ufunguo nikautia mfukoni.

Mpaka hapo unaweza kusema kaka yako ni mtu wa kanuni, tena mjinga wa kanuni. Laiti ingekuwa hivyo tu. Ningeweza kuitetea kanuni mbele yako na mbele ya Mungu.

Kanuni yangu mwenyewe inasema jina libandikwe mlangoni. Sikulibandika lako. Siku ya kwanza nilijiambia nitalibandika kesho. Siku ya pili sikujiambia kitu. Unakumbuka mwaka juzi, kile kikao cha ukoo, nilipomwita baba mjinga mbele ya wazee kwa sababu alimwazima Malale, yule mfugaji, lile shamba la bondeni alishe ng'ombe. Nilikuwa na takwimu na vifungu vya sheria, nikamshinda kwa hoja mpaka mzee akavaa kofia na kutoka. Tangu siku hiyo hakunisemesha. Na sasa amelala hoi, ametuma ujumbe unaopita mikononi mwangu, na ndani yake ananikataa. Niliusoma mara nyingi, dada. Nilitaka apige tena. Nilitaka aone kimya, atume ujumbe wa pili, na safari hii aniite mimi. Huo ndio ukweli. Nilikuwa nangoja baba yangu aniombe.

Siku ya sita shemeji Selestine alipita kituoni. Hujui, kwa sababu yeye mwenyewe hakuona kitu cha kukusimulia. Alisimama mlangoni akasoma majina yote, akaingia, akapekua kisanduku cha Ugonjwa kwa mkono wake, akasema hujaota vizuri juu ya mzee na umemtuma aangalie. Akanitania kwamba visanduku vyangu vimekuwa vingi kuliko vya posta. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, ufunguo mfukoni. Nilimuuliza habari za karanga. Akanijibu, tukacheka, akapanda baiskeli yake akarudi kwako.

Siku ya kumi na moja ikaja taarifa ya pili. Hiyo ilikwenda kwenye kisanduku cha Msiba, na ilikufikia ndani ya saa nne. Mpango wangu ulifanya kazi vizuri sana, kwa maiti.

Aliyempa baba uji siku zote hizo ni Nyanzala, mke wa huyo Malale ambaye mimi nilitaka afukuzwe bondeni. Aliniambia mwenyewe makaburini. Alisema mzee kila asubuhi aliuliza kama kuna vumbi la baiskeli barabarani.

Kamati ilipokaa, ilikuta mwandiko wa Libérate kwenye daftari. Alieleza kwamba karatasi alinipa mimi. Mwenyekiti akasema wakimbizi hawana uchungu na wazazi wa watu, kisha akanigeukia, akaniuliza kama kweli nilipewa. Mimi, ambaye nimewaita watu waoga kwa herufi kubwa, ambaye sijawahi kukosa neno mbele ya mkuu yeyote wa wilaya hii, nilitazama meza. Nikasema sikumbuki. Ni neno moja tu, na limemnyang'anya mama wa watu kazi yake, na wewe limekufanya umtukane bure.

Leo asubuhi nimekwenda kwa mwenyekiti nikamwambia yote niliyokuandikia, nikamwachia ufunguo mezani. Sijakuomba unisamehe, wala Jumamosi usininyamazie kwa sababu ya damu. Ukitaja jina, taja langu, kwa sauti ileile uliyokuwa umemtunzia yeye. Nitakuwepo, nami sitajibu.

Nisalimie Queen, umwambie mjomba wake anamkumbuka. Shemeji mwambie alipekua vizuri, alipekua kila mahali alipoweza kufika. Wazee wote wa Litapunga wape salamu zangu.

Barua hii sikuitia gundi. Aliyeileta ni Libérate mwenyewe. Nilimsomea kwanza, akakubali kuibeba kwa mguu kwa sababu baiskeli ya kituo si yake tena. Bila shaka bado amesimama hapo uani wakati unasoma. Mpe kiti.

Ni mimi ndugu yako,
Rafaeli