Mama Nyuma ya Migomba

Jumatatu, 3 Machi 2025
Alfajiri nimetoka kutafuta kuni kavu. Nikamwona mama mkwe wangu, Nyamusi, nyuma ya migomba. Amesimama na mguu mmoja! Mkono umeshika mgomba, midomo inacheza. Nimerudi jikoni polepole, nikamfunika mtoto wangu Bonareri vizuri. Mama amekuja kunywa chai kama kawaida.  Sikumuuliza.

Jumatano, 5 Machi
Tena. Leo alikuwa na kigoda — anaketi, anasimama, anaketi. Kisha anazungusha mabega kama kuku aliyenyeshewa. Aliposikia mlango akajifanya anachuma mboga. Mboga gani huko? Kila siku analalamikia magoti, hata kisimani hafiki. Hizo nguvu za alfajiri anatoa wapi?
Nimempigia mume wangu Osoro, yuko huko Kisii na boda yake. Amecheka, amesema nimwache mama yake. Sawa. Lakini kwa nini anajificha?
Sikumwachia Mama mtoto. Nimechuma chai naye mgongoni.

Alhamisi, 6 Machi
Kwa kituo cha kupimia majani ya chai, jirani yetu Tryphosa akauliza mbona nabeba mtoto na nyanya yake yupo. Nikamwambia kidogo tu. Alfajiri, mguu mmoja, migomba. Akatua kikapu chake. Halafu akasema ndama wake amekufa Jumanne. Sikupenda vile alisema.
Mdomo wangu huu.

Sabato, 8 Machi
Kanisani hakuna aliyeketi karibu na Mama. Benchi nzima, yeye na Biblia yake. Nikahamia kwake, lakini mtoto nikamweka upande wangu wa pili.
Tukirudi nikamuuliza. Ameangalia chini sana. Kumbe ni zahanati! Muuguzi anawafundisha wazee mazoezi mepesi: simama na mguu mmoja ukishika kitu, keti, simama, zungusha mabega, hesabu polepole. Midomo ilikuwa inahesabu!
Na kujificha je?
“Mke wa mwanangu anione nikiinua mguu? Hiyo ni ensoni.”
Aibu, ndiyo. Kwetu mkwe haoni hayo. Mbona sikufikiria?
Akasema anataka magoti yapone ambebe Bonareri kabla hajawa mzito. Hapo nikalia. Nikamwambia nilichosema kwa kituo. Hakunigombeza. Ameketi tu kando ya barabara, kwa nyasi. Tunajua sote ile nyumba ya bikizee wa ng'ambo ya mto iliyochomwa, wakisema ni mchawi.

Jumapili, 9 Machi
Tryphosa ametuma neno. Kesho asubuhi mapema yeye na majirani watakuja kuona Mama anafanya nini huko kwa migomba. Osoro anasema atafika saa tatu. Saa tatu ni mbali.

Jumatatu, 10 Machi
Kumekucha. Nimeweka viti viwili katikati ya uwanja, mahali kila mtu anaona. Mama alikataa kabisa. Nikamwambia nitaangalia mbele, sitageuka, na mimi pia nitainua mguu, tuaibike pamoja. Amefikiria. Sasa anajifunga leso, naandika nikimngoja. Bonareri amelala mgongoni.
Wamefika kwa lango. Tryphosa mbele, wanaume watatu nyuma. Hawajasalimu. Mmoja ana jerikeni. Labda ni ya maziwa — Mungu wangu, iwe ya maziwa.
Mama ametoka. Ameketi kwa kiti chake, mgongo wima, kama siku ya harusi. Ananiita.
“Kuja, mwanangu. Leo tunahesabu kwa sauti.”