Mchele wa Mji wa Kale

Majengo, Pumwani,
Nairobi.
24 Agosti 2025

Mpendwa Dada Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Vipi joto la Maskati, na mgongo wako je? Sisi huku tu wazima, ila mwanao Anisa hasemi nami tangu Jumatano. Nisikilize mimi kwanza kabla hajakupigia.

Uliniagiza nichunguze jamaa za Abdifatah kabla hatujaipokea posa yake kwa Anisa. Basi nilikwenda Mombasa kimya kimya, nikavaa miwani ya jua, nikajitia mtalii. Mji wa Kale niliuzunguka kwa miguu. Nilianzia ngomeni, nikafuata Ndia Kuu mpaka ngazi za bandari, napiga picha milango ya nakshi huku nikidadisi. Mitaa ni myembamba, dada, ukinyoosha mikono karibu uguse nyumba mbili. Na watu wanasalimia mno! Mtu hakujui, akuulize umeamkaje, na wanao, na safari. Huku kwetu anayekusalimia hivyo anaupima mkoba wako. Wangu niliukumbatia kama mtoto mchanga.

Karibu na ngazi hizo mama mmoja mtu mzima aliniita kutoka barazani: "Karibu, mwanangu. Uso huu naujua." Moyo ulinipiga paa, maana matapeli wote huanza hivyo. Akanipa kahawa, nikaimwaga alipogeuka kuingia ndani, nikainuka niondoke. Mara akatoka jikoni akitabasamu: "Wenda wapi? N'shakuwekea mchele."

Dada, umeondoka siku nyingi, pengine hujui. Nairobi siku hizi aliyewekewa mchele ni aliyetiliwa dawa kwenye kinywaji, akazinduka hana simu wala viatu. Nilipiga yowe nikatimua mbio, mtaa mzima ukinitazama, sikusimama mpaka kituo cha basi.

Kumbe ndiye mamake Abdifatah! Anisa aliwahi kumtumia picha yangu. Na mchele wenyewe ulikuwa wa biriani. Haya yote niliyajua nilipofika nyumbani, Abdifatah alipokwisha kumpigia Anisa simu.

Sasa kibao kimegeuka. Juzi akina mama wawili wa buibui, waliotumwa na jamaa za Abdifatah, walikuja hapa kumuuliza jirani yangu Kanyiva kama kwetu kuna wazimu. Na Kanyiva, unaujua ulimi wake: "Huyo Zuhura? Hata mfereji ukitoa maji anauliza nani ameyatuma." Posa imesimama.

Ningecheka, lakini leo asubuhi Anisa aliniletea chai, nami nikainusa kabla ya kunywa. Aliniona. Akaingia chumbani akalia. Mtoto niliyemlea tangu ana miaka saba! Nimeona haya, dada, haya ya kweli.

Tafadhali mpigie mamake Abdifatah wewe, simu zangu hapokei. Mwambie kwetu hakuna wazimu. Ni mimi tu, sijui tena kupokea wema wa mtu.

Nisalimie shemeji Wakoli. Kanyiva anakusalimu, na Mama Asenath pia. Mungu akuweke salama huko ugenini, na nyumba ya Anisa isivunjike kabla haijajengwa.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye ingawa amekuharibia,
Zuhura