Vichupa vya Penina Juu ya Mafiga

Bi Farida mpendwa, naja kwako kuomba msaada, ingawa kwa mambo ya eksirei wewe ndiye ungeniomba mimi, maana nimepiga watu picha hospitalini miaka kumi na tisa, mbavu za nusu ya Muleba nazijua kuliko wenye mbavu zao. Haya, si kweli. Nilikuwa nasukuma vitanda na kufunga mlango, naambiwa "Kamala, toka nje," natoka. Ila nyumbani sikusema hivyo.

Mke wangu Penina huchomwa sindano kila mwezi, dawa yenyewe ni unga uliokaushwa kwa baridi kali, umo kwenye vichupa, muuguzi ndiye huutia maji. Binti yetu Nancy alituma vitatu kwa ndege kutoka Dar, jirani yetu Datius mwenye duka akavileta, akatuwekea kwenye friji yake, akanitania, "Tata, dawa za mama zimepigwa picha na mashine ya uwanjani kuliko abiria!" Mimi bingwa nikajibu, "Basi zimeungua, mionzi imeingia kwenye unga." Nilitaka tu kuonekana najua, lakini neno likanigeuka nikaliamini, nikavitoa kwenye friji ya Datius nikavipandisha kichanjani juu ya mafiga, tunakokaushia mbegu za maharage, ili moshi uvute mionzi itoke. Leo siku ya kumi na mbili, unga wa kimoja umenywea umeganda pembeni kama ugali wa jana.

Sindano ni Jumatatu. Penina anauliza, "Baba Nancy, dawa zangu zipo?" Nasema zipo. Kumfulia, kumnyanyua, hayo nimezoea, waitu, ndugu yangu. Kinachonichosha ni hiyo "zipo". Je, achomwe hivyo hivyo?

Halafu, siku mliyokuja kurekodi kwaya yetu mvua ikawakuta, niliwashikia turubai mpaka mkono ukafa ganzi, ukasema una deni langu. Penina hukusikiliza redioni kila Jumamosi. Mwambie wewe.

Mzee Kamala, Muleba.

*

Mzee Kamala, shikamoo, na pole kwa kuuguza. Sasa nikugombeze.

Nimemuuliza mfamasia. Mashine ya mizigo humulika begi sekunde chache, kwa mionzi kidogo sana, na haibaki ndani ya unga eti moshi uivute. Hata wataalamu huupiga unga kama huo eksirei kuona umekaukaje ndani. Wakiumulika sana huupima tena, maana mionzi mingi yaweza kuidhuru dawa. Kwa hiyo kuogopa hukukosea. Kosa ni kichanja! Joto na unyevu ndivyo vinavyoiua dawa hiyo, nawe umevikaribisha siku kumi na mbili.

Asichomwe hata kimoja, hata kile kinachoonekana kizima. Vifunge vyote, mpelekee muuguzi, umwambie vilikaa wapi na siku ngapi. Miaka yako kumi na tisa usiitaje. Mpigie Nancy leo hii atume vingine, na umuulize muuguzi kama Bukoba mjini vinapatikana. Sindano ikichelewa, yeye ndiye atakayesema la kufanya, si wewe.

Turubai nalikumbuka. Nalipa nusu. Bi Penina, kama unanisikia, dawa zako haziko kwenye friji, na huyo aliyekaa hapo karibu nawe anajua ziliko. Nusu iliyobaki ni yako, Mzee. Naweka wimbo wa dakika nne. Punguza sauti ya redio, uanze kusema.