Mgeni Namba Mbili

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu mtu aliyedhaniwa kutumbukia kwenye tangi la bia

Shahidi: Anajulikana kama Fundi Ratili
Umri: Miaka 61
Kazi: Fundi wa mizani
Makazi: Chumba na sebule nyuma ya karakana yake, mwendo wa saa tano kwa basi kutoka mjini hapa
Yameandikwa: Jumamosi tarehe 14, kuanzia saa kumi na dakika ishirini jioni, mbele ya koplo wa zamu

Mimi ni fundi mizani. Natengeneza mizani za wauza nyama, za maduka ya nafaka, na zile za zahanati za kupimia watoto. Nina akili timamu na leo nimekunywa glasi ndogo tatu, nimezihesabu. Nimeelezwa kwamba kiwanda kidogo cha bia kilicho kando ya reli kimemwaga tangi zima wakimtafuta mtu niliyeingia naye, na kwamba natakiwa kusema mtu huyo yuko wapi. Nimeonywa pia kuwa nikidanganya nitashtakiwa. Sina sababu ya kudanganya, ila maelezo yangu hayawezi kuanzia leo. Afande anisamehe.

Mtu huyo ni shemeji yangu. Alimwoa dada yangu. Dada alipofariki miaka sita iliyopita, tulibaki wanaume wawili tusioweza kupika wali bila kuuunguza. Yeye alikuwa mchoraji wa vibao vya maduka. Mimi sikuoa. Kila Jumapili saa tisa alasiri alikuja kwangu na chupa mbili za bia, akakaa kiti cha karibu na dirisha, tukabishana mpaka chupa zikaisha. Majirani walikuwa wakisema ukimwona mmoja wetu yuko peke yake, jua mwingine yuko chooni.

Mwaka juzi alisikia redioni kwamba mjini hapa kuna watu wanaopika bia yao wenyewe, mapipa machache kwa wiki, kila pishi na ladha yake. Tangu siku hiyo hakunipa raha. Alinunua daftari la mistari, akaandika juu yake kwa zile herufi zake za vibao: SAFARI YA BIA. Tuliipanga safari hiyo miezi kumi na minne. Afande ameuliza kuna nini cha kupanga miezi kumi na minne. Kwa kweli hakuna. Basi gani, kiti cha upande gani ili jua lisitupige, tule nini kabla, kiwanda kwanza au baa kwanza. Mimi nilitaka baa kwanza. Shemeji akasema, “Wewe unataka kumjua mtoto kabla hujamsalimu mama yake? Huna adabu.” Tulinuniana wiki mbili kwa neno hilo. Aliandika pia: “Glasi ndogo tu. Tunaonja, hatuzimi moto.” Siku hizi naona kwamba hatukuwa na haraka ya kwenda, tulipenda kupanga. Kurasa zilipojaa tukaanza kuandika pembezoni.

Mwezi wa kwanza mwaka huu shemeji alitangulia. Ilikuwa Jumatano. Afande ameuliza alitangulia wapi. Nimemwambia nitafika hapo.

Jumapili iliyofuata, saa tisa, nilitoa viti viwili nje kama kawaida. Nimeendelea kuvitoa. Mwezi uliopita nikaona heri niende, maana daftari lilikuwa linaniangalia kila nikinywa chai. Nikapiga simu kiwandani. Dada wa mapokezi akaniambia hawaandikishi mtu mmoja kwenye ziara, ni kuanzia wawili. Nikamuuliza, na mtu akiwa peke yake? Akacheka, si kwa ubaya, akasema, “Jamani baba, huna hata jirani?” Nikamwambia aandike wawili.

Leo nimepanda basi la saa kumi na moja alfajiri. Nilikaa upande wa kushoto kama ilivyoandikwa, na kweli jua halikunipiga. Kwenye kiti cha pembeni niliweka kofia ya shemeji, ya kitambaa cha kijivu, ina doa la rangi nyekundu ukingoni. Kondakta alipotaka kumketisha abiria pale, niliichukua nikaipakata.

Nilifika mapokezi saa tano kasoro dakika kumi. Dada alipekua orodha yake, akasema, “Karibu baba. Mko wawili, sivyo? Mwenzako yuko wapi?”

Nikajibu, “Ametangulia.”

Akasema, “Haya, mfuate basi, msije mkapotezana humo ndani.”

Nikamwambia, “Sina haraka hiyo, mwanangu.”

Akacheka. Akanipa beji mbili, Mgeni Namba 1 na Mgeni Namba 2, akasema, “Mpelekee na yake. Asitembee bila beji, Mpishi ni mkali.” Akatia alama mbili za vyema kwenye orodha. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Yeye alielewa kwamba shemeji ameshapita mlangoni. Mimi nilijua hakunielewa, na sikumsahihisha. Ilinipendeza kusikia mtu akisema mko wawili. Beji yangu niliivaa kifuani, ya pili nikaibana kwenye kofia.

Wageni wengine walikuwa kumi na mmoja, wote wa ofisi moja, wanapigana picha. Aliyetutembeza ni mpika bia mwenyewe, wafanyakazi wake wanamwita Mpishi, amevaa buti za mpira na sauti yake imekauka. Hakuwa na namna ya kujua nani ni wa nani. Alituonyesha shayiri, akatupa tuitafune. Alituonyesha mizani yake ya magunia, na nilimwambia inapunja robo kilo. Alinitazama vibaya. Baadaye nilimwona akiipima upya kwa jiwe la mizani.

Tangi la tatu ni la mtindo wa zamani, liko wazi juu, lina ngazi ya chuma yenye vipandio sita. Mpishi alituruhusu kupanda mmoja mmoja. Alisema bia ile ina siku tano, haina moto chini lakini inachemka, ni hamira inafanya kazi, na tukinyamaza tutaisikia. Wale wa ofisi hawakunyamaza. Wakaenda chumba cha kuonjea. Mimi nikabaki, nikapanda, nikainama. Kwa kweli inasikika. Inanong'ona. Kwenye daftari shemeji alikuwa ameandika ukurasa wa tisa: “Kwenye matangi tukae sana.” Nilikaa dakika ishirini na tano kwa saa yangu. Nilimsomea ukurasa mzima, kwa sauti ya chini. Nilikuwa na huzuni, na nilikuwa na furaha kidogo, na sikuwa na mtu wa kumwambia lolote kati ya hayo mawili.

Kisha nikaenda kuonja, glasi moja ndogo. Saa saba kasoro robo niliweka beji yangu kwenye kikapu cha mapokezi, nikamuuliza dada njia ya kwenda kwenye ile baa yenye bia za viwanda vidogo, akanielekeza. Ni mwendo wa dakika kumi. Niliomba meza ya watu wawili. Mhudumu akauliza, “Tumsubiri mwenzako, mzee?” Nikamwambia alete glasi mbili tu. Nilikunywa yangu. Ile nyingine niliiacha hadi povu lake likaisha, kisha nikainywa na yenyewe, maana shemeji alichukia kutupa kitu. Ilikuwa imepoteza ladha.

Saa tisa na dakika tano askari wawili waliingia, wakaniuliza niliyekuja naye yuko wapi. Nikawajibu vile vile, ametangulia. Wakatazamana, mmoja akanishika mkono.

Yaliyotokea kiwandani nimeyasikia kwa afande. Saa saba na nusu walihesabu beji, ikapungua moja. Wakatafuta. Wakaikuta kofia imetundikwa juu ya ngazi ya tangi la tatu, na beji namba mbili juu yake. Wakaita, hakuna aliyeitika. Wakachovya mti mrefu, povu likawazuia kuona. Ndipo Mpishi mwenyewe akafungua bomba la chini, lita elfu moja na mia mbili zikaenda mferejini, naye amepiga magoti anachungulia kama kuna mguu wa mtu.

Nilipoambiwa hayo nilicheka. Afande ameandika kwamba nilicheka, nami sikatai. Mtu aliyekataza glasi kubwa amemwagiwa tangi zima. Shemeji angecheka hadi aombe maji. Lakini nimemwona Mpishi pale kwenye benchi la nje, buti bado zimelowa, nikaona aibu kubwa. Alimtafuta shemeji yangu kwa bidii kuliko mtu yeyote tangu mwezi wa kwanza.

Afande ameuliza kama kofia niliisahau au niliiacha. Mara ya kwanza nilisema niliisahau. Naomba ifutwe. Niliiacha. Nilishuka vipandio vitatu, nikageuka, nikaiona imekaa vizuri pale, nikaona amefika alikotaka kufika. Sikufikiria beji.

Afande ameniambia neno ametangulia halifai kwenye maelezo haya, kwa sababu lina njia mbili na leo limeshamwaga tangi. Anataka neno lenye njia moja. Nimemuomba maji, akanipa. Tangu mwezi wa kwanza nimewaambia wauza nyama ametangulia, nimemwambia mwenye nyumba wake ametangulia, nimeliambia hata daftari. Anayetangulia anakusubiri mahali, utamkuta. Basi andika, afande. Shemeji yangu amekufa. Alikufa Jumatano, tarehe 22 mwezi wa kwanza, saa nne asubuhi, akiwa juu ya ngazi, anamalizia kibao cha duka la viatu. Nilikuja hapa peke yangu. Sikuingia na mtu.

Hilo ndilo nililo nalo. Nimesomewa kuanzia mwanzo hadi hapa, nimesikia, na maneno ni yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Nyongeza ya koplo wa zamu: Kifo kimethibitishwa kwa simu. Hakuna mtu aliyepotea. Mpika bia hana dai. Amesema tangi litajazwa tena, na shahidi akirudi ataandikishwa hata akiwa mmoja, aje na vifaa vyake vya mizani. Beji namba 2 imerudishwa kiwandani. Kofia amekabidhiwa shahidi. Kwenye nafasi ya mtu wa karibu wa kupigiwa simu, shahidi alitaja namba kwa kichwa bila kusita, nikaiandika, kisha akaomba nisome kwa sauti. Nilipomaliza kuisoma aliomba ifutwe, kwa kuwa ni ya shemeji yake. Imefutwa kwa mstari mmoja, shahidi ametia sahihi kando yake. Nilimuuliza tuandike ya nani. Nafasi imeachwa wazi.