Mlango Uliokwenda kwa Wakili

Mama yangu,

Shikamoo. Naandika haraka haraka, na Naomi ananicheka, anasema mwandiko wangu leo ni wa kuku. Mama, ninakwenda! Ninakwenda Uhabeshi. Nitafundisha hesabu kwenye shule kubwa ya Addis Ababa. Pasipoti ninayo, barua ya kazi ninayo, na meli ya kwenda Jibuti inaondoka wiki ijayo. Kutoka Jibuti nitapanda treni. Leo nimetoka posta mbio, njia nzima nawaza nitakavyokuambia na utakavyopiga vigelegele mpaka majirani wadhani kuna harusi. Nikafika Temeke, nikaingia ndani, nikaita, "Mama!"

Halafu nikakumbuka. Basi nimekaa kwenye kiti chako nakuandikia.

Hapa hatujambo. Naomi anakaa nyumbani siku hizi. Dada ni dada, lakini mchicha wake bado una chumvi ya kumtosha ng'ombe. Kuku wako mwekundu ameatamia. Bi Mwanaidi hajaacha kuja kila asubuhi na kikombe chake kuomba majani ya chai, ingawa anayo kwake. Akishapewa anakaa kidogo, anatazama pale ulipokuwa ukikaa, kisha anaondoka. Anakukumbuka sana.

Sasa nisikilize. Kazi hii nusura niikose, na aliyetaka kunikosesha ni wewe. Usinune. Aliyenipatia pia ni wewe, ila ngoja nikueleze tangu mwanzo.

Wahabeshi waliniandikia kwamba hawapokei nakala ya digrii ya mtu hivi hivi. Kwanza wakili mwenye mamlaka ya kuthibitisha hati akione cheti chenyewe kwa macho yake, aifananishe nakala na cheti, atie sahihi na muhuri. Kisha ofisi kuu ya serikali ishuhudie kwamba huyo wakili ni wakili kweli. Mwisho nakala hiyo ipelekwe Nairobi kwa mwakilishi wao, naye agonge muhuri wa kwao. Yote haya kabla ya mwezi kwisha, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Nilipofika kwenye maneno "cheti chenyewe", nikainua macho nikautazama mlango.

Unakumbuka siku niliyorudi kutoka chuoni Uganda? Nilikukabidhi kile cheti nikiwa bado na vumbi la safari. Nikaenda kuoga. Niliporudi nikakuta umepika uji mzito wa unga wa muhogo, umeupaka mlangoni kwa ndani, na digrii yangu imebandikwa, unailainisha kwa kiganja kama mtu anayemtuliza mtoto alale. Nilipiga kelele. Wewe ukanijibu bila hata kugeuka, "Nikifungie sandukuni wakisome mende?" Ukutani ulisema hapafai, udongo unamomonyoka. Mlango ni mvule, mlango haumomonyoki.

Na wageni wako, maskini! Mgeni akishakaa, unaondoka taratibu kwenda kufunga mlango, mchana wa jua kali, watu jasho linawatiririka, ili mradi wakisome. Hukujua kusoma, lakini jina langu ulijua lilipo. Ulikuwa ukiweka kidole pale pale, "Hapa. Elia. Wangu huyu." Hakuna aliyetoka nyumba hii bila kuonyeshwa.

Basi nikajaribu kukibandua. Nilianza kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Pembe ya chini ikaanza kutoka pamoja na nyuzi za ubao, halafu wino wa sahihi ya mkuu wa chuo ukaanza kuvimba. Naomi akanipokonya kitambaa. "We Elia, acha! Hicho alikibandika Mama, hakitoki!" Nikaketi chini. Chuo hakitoi cheti cha pili, na hata kingetoa, barua ya kwenda na kurudi ingemaliza muda wote. Nilikukasirikia, Mama, nasema kweli. Nilikukasirikia nikalia, kisha nikakukasirikia tena kwa kuniliza.

Aliyeleta akili ni Naomi. Alikuwa amesimama anazitazama bawaba. Akasema, "Kama hakitoki mlangoni, si utoke mlango?"

Mama, tuliung'oa mlango! Asubuhi yake nilifungua bawaba, tukaufunika kwa kanga yako ile ya zambarau, tukaulaza kwenye mkokoteni wa hamali. Nyumba ikabaki wazi. Nikasema nani atabaki kulinda, Bi Mwanaidi akaleta kiti chake akakiweka katikati ya kizingiti. "Nendeni wanangu. Leo mlango ndio mie," akasema, na mwili ule wa Bi Mwanaidi unaujua, hapakubaki hata upenyo wa paka.

Safari ya Temeke mpaka mjini haikuwa ndogo. Kila tuliyepishana naye alivua kofia akidhani tumebeba maiti. Mzee mmoja alitupa pole, Naomi akamjibu, "Tumeshapoa, baba, ni mlango tu," yule mzee akabaki ameduwaa katikati ya barabara. Nilicheka mpaka nikashindwa kusaidia kusukuma. Tangu tukuzike sikuwa nimecheka hivyo.

Wakili mwenyewe ni Bwana Kassamali, Mhindi mzaliwa wa hapa hapa, mtu wa miwani na suti nyeupe. Nilikuwa nimeshazungumza naye kabla ya hapo, akaniambia nilete cheti. Alipotoka barazani akaona mkokoteni, Naomi akafunua kanga. Akatazama. Akanitazama mimi. "Bwana Elia, nimekwambia lete cheti, wewe umeniletea nyumba?"

Lakini hakutufukuza. Alivua miwani akavaa nyingine, akaagiza kioo cha kukuzia, akainama juu ya mlango na nakala niliyoipiga taipu mkononi, akasoma neno kwa neno. Watu wakaanza kujazana. Akashuka vizuri mpaka kwenye jina, hapo akakwama. Akapitisha kioo mara ya pili. Akaniuliza, "Hapa pamefanywa nini?"

Palikuwa na doa, Mama. Doa la kahawia, jeusi katikati, limelala juu ya jina langu lote. Mahali pengine pote karatasi ni nyeupe, chafu ni jina tu. Akasema kwa upole, lakini alisema, kwamba akiona karatasi imesuguliwa kwenye jina, na jina lenyewe ndilo analotakiwa kulithibitisha, hawezi kutia sahihi. Watu hufuta jina la mwenzao wakaandika lao. Nikamweleza kwamba ni kidole cha mama yangu. Akaniuliza mama yuko wapi, aje aape. Naomi ndiye aliyejibu.

Nilianza kuurudishia mlango kanga yake. Niliona meli inaondoka, niliona mtu mwingine kabisa anashika chaki yangu. Ndipo karani wake akatoka ndani na mafaili kwapani, mtu mzima, Bwana Zakaria, yule mzee wa kanisa aliyekuja nyumbani mwaka juzi kukusanya michango ya kuezeka paa la kanisa. Mimi sikumkumbuka. Yeye alisimama akautazama mlango, akautazama tena, akaweka mafaili chini.

"Mlango huu naujua," akasema. "Nilifungiwa nao."

Mama! Akaanza kusimulia mbele ya kadamnasi yote. Jinsi ulivyomkaribisha, ukampa maji, ukaenda ukafunga mlango saa saba ya mchana, yeye akaogopa akadhani ana deni asilolijua. Jinsi ulivyomshika mkono ukamnyanyua kitini, ukaweka kidole chako chenye masizi ya jiko juu ya jina, ukamwambia asome kwa sauti. Akasoma. Ukamwambia asome tena. Akasema siku hiyo jina lilikuwa safi, lilikuwa Elia, na kidole kilichoanza kulichafua alikiona kwa macho yake.

Bwana Kassamali akamletea Biblia. Bwana Zakaria akaapa, maneno yake yakapigwa taipu yakaambatanishwa na nakala. Kisha wakili akainama tena na kioo, akasema chini ya masizi herufi zote zipo, hazijaguswa na wembe. Akatia sahihi. Akayeyusha lakiri nyekundu akagonga muhuri. Wakati inapoa akaniambia cheti chake yeye mama yake alikinyunyizia marashi siku alipokileta, mpaka leo wino una mawimbi. Tukacheka wote, na macho yake yalikuwa na maji.

Ofisi kuu ya serikali haikuwa na hadithi. Mzungu aliitazama sahihi ya wakili, akagonga, akanirudishia bila kuinua uso. Nakala ikaenda Nairobi kwa posta ya rejista. Na leo, Mama, leo imerudi!

Imerudi na muhuri wa Uhabeshi, mkubwa wa duara, na mistari ya maandishi yao. Sijui hata herufi moja. Barua iliyoambatana inasema jina langu limeandikwa humo, mstari wa pili. Nimegeuza karatasi huku na huku pale posta, sioni mahali ninapoanza wala ninapoishia. Nimejikuta nimeweka kidole kwenye mstari wa pili na kumwambia mtu niliyesimama naye foleni, nisiyemjua, "Hapa. Ni mimi huyu." Hapo ndipo nilipojua ulivyokuwa ukikiona cheti changu, Mama. Hukuona neno. Uliniona mimi tu.

Mlango tumeshaurudisha, na bawaba nimezipaka mafuta. Ile pembe iliyoinuka nimeibandika tena kwa uji wa muhogo, nimeupika mwenyewe, una mabonge lakini umeshika. Doa sijaligusa na hakuna atakayeligusa. Naomi ameapa kwamba kila mgeni atafungiwa, hata awe mchungaji.

Lala salama, mama yangu. Kesho asubuhi nitapita kaburini kukuaga kwa mdomo. Na ninakuahidi hivi: nitakaporudi likizo sitaingia tu kama mwenye nyumba. Nitapiga hodi, nitakaa kwenye kiti cha wageni, nitamwomba Naomi afunge mlango, nami nitasimama nikisome cheti kwa sauti. Kisha nitakisoma tena.

Ni mimi mwanao,
Elia