Breki za Gari Langu Zimekwenda Lamadi

Ijumaa, jioni. Upepo wa kiangazi na vumbi tangu asubuhi. Wenzangu wa masijala wameshaondoka, nimebaki na kompyuta ya ofisi na miguu inayoniuma.

Nianze na gari, maana ndilo ninaloweza kulizungumzia bila kulia.

Gari langu limekaa juu ya mawe kwenye gereji ya Masanja, hapa hapa Bariadi. Halina matairi ya mbele. Ukiliangalia kwa mbali utadhani limepiga magoti. Nililipeleka Jumatatu likiwa zima, isipokuwa breki, ambazo zilikuwa zinasaga chuma kwa chuma kila nikikanyaga. Masanja alikagua akasema pedi zimekwisha, kazi ya siku moja. "Kesho jioni unaondoka nalo, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma chetu. Nilimwamini kwa sababu nilitaka sana kumwamini.

Jumatano alfajiri nilitakiwa niwe kijijini Nkololo kumchukua mama.

Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Siku hizi hata wajukuu anawatofautisha kwa sauti. Miaka miwili nimembembeleza aje apasuliwe, hataki, anasema watu wanaingia wakiona ukungu wanatoka na giza. Mwezi uliopita tukasikia madaktari wa macho watakuja hospitalini hapa kwa siku tatu, Jumatano mpaka Ijumaa mchana, kisha waendelee na safari yao. Nikaenda kumwambia. Safari hii akasema: "Nitakwenda, ila uje unichukue wewe mwenyewe." Njia nzima ya kurudi nilikuwa naimba peke yangu.

Sasa, hapa kwetu spea haiagizwi kwa jina. Fundi anafungua ile mbovu, anaifunga kwenye gazeti na kumkabidhi konda wa basi la Mwanza, naye anaipeleka dukani wakatafute inayofanana nayo. Jioni basi likirudi, mpya imefika. Zamani, spea ilipokuwa kitu cha kuombea kibali, ungesubiri mpaka usahau ulichoagiza. Leo maduka yamejaa. Orijino ipo, ya Taiwan ipo, na ipo ile ambayo hata muuzaji hajui imetoka wapi. Kwa hiyo Jumatatu nililala bila wasiwasi wowote.

Jumanne jioni konda alileta pedi za gari jingine kabisa. Kibaya zaidi, zile mbovu alizisahau juu ya kaunta ya duka. Tukawa hatuna mpya wala sampuli. Masanja akapiga simu Mwanza, akapiga tena, akaniambia Jumatano jioni zitafika za kweli. Zikafika kweli. Nilimshika konda mkono kwa mikono yangu miwili, mtu akipita angedhani ameniletea mahari.

Jumatano ilikuwa imekwisha, lakini zilibaki siku mbili.

Jana asubuhi nikafika gereji saa moja. Masanja alinisalimia vizuri mno, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Akafungua boneti, akaangalia chini. Ile silinda inayosukuma mafuta ya breki haikuwepo. Jumatano mchana, mimi sipo na gari langu linangoja pedi, alikuja mnunuzi wa pamba mwenye gari kama langu, breki zake zimekufa, ana haraka. Msimu huu kila kona kuna mzani na mtu wake, si kama zamani tulipokuwa na chama cha ushirika peke yake, na anayechelewa anakuta pamba imeshanunuliwa. Masanja akamhurumia. Akang'oa silinda yangu akamfungia.

"Nimemwazima tu, mayu. Gari lako si lilikuwa limelala?"

Mnunuzi alikuwa ameshakwenda nayo Lamadi. Angerudi jana hiyo hiyo. Hakurudi.

Nimefikiria sana jambo hili, na sidhani kama Masanja ni mwizi. Kwao ni wafugaji. Kwetu sisi ng'ombe wa baba yako anaweza kuishi kwa mtu mwingine kule Maswa miaka mitano, anakamuliwa huko, anazaa huko, na kila mtu anajua ni ng'ombe wa nani. Hakuna anayepiga kelele. Masanja anaziona silinda hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba mimi nilikuwa nahitaji kusimamisha gari.

Nilimfokea. Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikataja mpaka mama yake, ambaye namheshimu. Alisimama ameweka mikono nyuma, kila nikisema anaitikia "kweli, mayu". Utamfanya nini mtu anayekubaliana na wewe? Mwisho akaniagizia chai. Nikainywa.

Leo saa mbili yule mnunuzi akatokea, mpole, mwenye pole nyingi, akasema silinda yangu inafanya kazi vizuri sana. Nikamwambia najua. Wakaing'oa, wakairudisha kwangu. Ikafika saa nne wakati wa kutoa upepo kwenye mabomba ya breki. Masanja akaingia chini ya gari, mimi nikakaa kwenye usukani kama mwanafunzi wake. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Nilikanyaga mpaka goti likatetemeka. Mara pedali ikashuka mpaka chini, na Masanja akatoka uvunguni uso umelowa mafuta. Bomba moja, lililokunjwa na kukunjuliwa wiki nzima, lilikuwa limepasuka.

Akalifunga kwa mpira wa tyubu. Akarudisha matairi, akasema nijaribu polepole.

Nilijaribu. Gari likaanza kuteremka uani, nikakanyaga, hakuna kitu. Nikavuta breki ya mkono, hakuna kitu. Lilikwenda kwa utulivu kabisa hadi kwenye rundo la matairi chakavu likasimama lenyewe. Hakuna aliyeumia. Masanja akasema afadhali tumejua mapema, akaanza tena kufungua matairi ya mbele.

Saa tano na nusu. Nikaacha mkoba ndani ya gari nikakimbia kwa miguu hadi hospitali, sijui hata nilitaka kuwaambia nini. Nesi alikuwa anakunja meza ya kuandikisha. Akaniambia wagonjwa wa mwisho wako ndani na vifaa vingine vimeshapakiwa. "Pole dada. Mngekuja hata jana."

Nikakodi pikipiki nikaenda Nkololo kumwambia, maana simu kule haishiki.

Nilimkuta amekaa mlangoni, amevaa gauni lake la kanisani. Mke wa kaka yangu akanivuta pembeni, akaniambia amelivaa tangu Jumatano, kila siku kabla ya jua, na kila asubuhi anakataa uji. Alisikia kwamba mtu wa kupasuliwa haruhusiwi kuwa na chakula tumboni. Siku tatu mama yangu ameshinda na njaa akinisubiri.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia.

Akainuka hapo hapo, mfuko mkononi. "Kabula! Mbona sijasikia gari?"

Nikamweleza. Akaketi tena taratibu, akitafuta kiti kwa mkono. Hakunilaumu. Aliuliza tu watarudi lini, nikajibu karibuni. Sijui. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza.

Kuna jambo nimelizunguka tangu nilipoanza kuandika.

Jumatano asubuhi, saa tatu, jirani yangu anayeendesha lori alipita gereji akanikuta nimekaa kwenye ndoo. Alikuwa anakwenda Nkololo kupakia pamba. Akaniambia panda twende, tumlete bibi, atakaa mbele kwenye siti, saa nane tuko hospitali. Nikamjibu asante, gari langu linatoka leo. Pedi zilikuwa hata hazijaondoka Mwanza, na nilijua. Nilitaka mama ashuke kwenye gari langu. Nilitaka Nkololo nzima ituone tukiondoka, mimi kwenye usukani na yeye pembeni. Gari ambalo yeye mwenyewe asingeliona hata rangi.

Kesho nitarudi hospitalini kwa miguu, niulize kama madaktari watarudi na niombe jina lake liandikwe popote linapoandikwa. Gari na likae juu ya mawe.

Habari ya lori sijamwambia mama. Siku akiijua, nikimwambia tena ajiandae nakuja kumchukua, atalivaa tena lile gauni la kanisani?