Nimesafisha Meza, Dada Kakosana na Mchumba

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa mtu kama mimi kuomba msaada ni kama jogoo kuomba kuamshwa, maana mtaa huu wote hakuna, narudia, hakuna mwenye meza ya kompyuta kama yangu, hata meneja wa benki akiiona atarudi ofisini kwake akalie. Shule niliiacha njiani, au yenyewe ndiyo iliniacha, lakini kwa kutengeneza mabango na kadi nawapeleka mchakamchaka wenye vyeti. Basi nikaamua mezani ibaki kompyuta na kipanya tu, nikaondoa vikombe, vitana vya dada, chaja zilizokufa zamani, na nyaya zilizoning'inia kama tambi nikazichomoa zote, meza ikawa nyeupe mpaka mama akauliza, "Mwanangu, umefukuzwa kazi?"

Shida ni kwamba nyumbani kwetu meza tupu haikai tupu, nikitoka kidogo narudi nakuta sufuria, nikifoka dada anajibu, "Si nimeona pana nafasi, bosi?" Nipe dawa ya watu hawa.

Halafu kuna jambo jingine dogo tu. Waya mmoja uliopenya tundu la ukuta kutoka chumba cha dada niliudhani hauna mwenyewe, kumbe ni wa friza ya dada ya samaki wa biashara, na dada alikuwa safarini. Niliposikia harufu nikauchomeka tena kimyakimya. Dada aliporudi akakuta friza inanguruma na samaki wameoza, akamgeukia mchumba wake, fundi umeme aliyetufungia soketi: "Friza moja imekushinda, nyumba utaiweza?" Shemeji kabeba vifaa vyake kaondoka, simu hapokei, dada macho yamevimba kwa kulia. Nami nimenyamaza. Ni mimi, mshauri, si shemeji.

Bosi wa Meza

JIBU

Wewe Bosi, nimekucheka hadi nilipofika kwenye samaki, hapo kicheko kikakata. Meza umeisafisha, barua hukuisafisha: umeijaza vitana na sufuria ili nisilione jambo lenyewe. Nimeliona.

Najua unaogopa, na una haki ya kuogopa, dada mwenye hasara si mtu wa kuchezea. Lakini shemeji anabeba lawama yako huku wewe unapangusa vumbi. Nenda kwake leo, kwa miguu, umlete kwa dada, useme mbele yao wote wawili: "Nilichomoa mimi." Usianze na hadithi ya tambi. Kandambili ikirushwa, usiikwepe. Samaki utawalipia kwa kazi za mabango, mpaka wote waishe.

Shemeji akikusamehe, mwombe aifungie friza soketi yake upande wa dada. Nyaya zako zifunge chini ya meza kwa kamba, na waya usioujua ufuate hadi unakoishia kabla hujaugusa. Sufuria zipigilie rafu ukutani. Watu wa nyumbani hawana dawa, wana mahali pa kuweka vitu.

Umemaliza kusoma na bado umekaa? Nyanyuka.